Praiveti Chitete na Koplo Omary

Msikilizaji, ipo medali ya Umoja wa Mataifa ambayo kwa miaka mitano tangu ianzishwe ilibeba jina la mtu mmoja tu. Si kwamba katika miaka hiyo walinda amani walikuwa hawafi. Walikufa wengi: Mali, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kongo. Lakini Baraza la Usalama, lilipoianzisha Mei 8, 2014 kwa azimio namba 2154, liliitenga kwa ajili ya ujasiri wa kipekee, ule wa mtu anayeikabili hatari kubwa huku akiijua. Ilipotolewa kwa mara ya pili, New York, Mei 24, 2019, jina halikuwa la jenerali wala la kanali. Lilikuwa la praiveti, askari wa cheo cha chini kabisa, Chancy Chitete wa Jeshi la Ulinzi la Malawi. Naye hakuwepo kuipokea.

Mtu ambaye Chitete alimfia ni Mtanzania, Koplo Ali Khamis Omary.

Habari yenyewe ni ya katikati ya Novemba 2018, katika misitu ya eneo la Kididiwe, Beni, mkoa wa Kivu Kaskazini. Wanajeshi wa Malawi na wa Tanzania wakiwa na kofia za bluu, pamoja na jeshi la Kongo, waliingia porini kuwafuata waasi wa ADF kwenye ngome yao. Waasi wakawafyatulia risasi nyingi. Katika mapigano hayo Koplo Omary akajeruhiwa vibaya, akawa hawezi kutembea. Alikuwa amelala mahali pa wazi, adui anamwona. Chitete naye akamwona. Akamfuata, akamburuta mpaka mahali penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo akapigwa yeye. Chitete alifariki kwa majeraha yake, koplo akaishi.

Maelezo ya tukio zima yanamalizika kwa sentensi chache namna hiyo. Taarifa za kijeshi ndivyo zilivyo: fupi, kavu, kama risiti. Inafaa kukaa kidogo kwenye neno moja lililomo humo, neno "akamburuta", kwa sababu ndani yake ndimo mna ushujaa wote wa siku ile.

Mwanajeshi wa leo anapokwenda vitani hana uzito wa mtu wa kawaida. Amevaa kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi yenye mabamba mazito kifuani na mgongoni. Kiunoni ana magazini za risasi, chupa ya maji, pengine mabomu ya mkono. Viatu vimeshika tope. Mtu wa kilo 70 anakaribia kilo 100, na akijeruhiwa mguu hawezi kukusaidia hata hatua moja. Ili umvute, unashika mikanda ya ile fulana yake mabegani, unainama, unarudi kinyumenyume, visigino vinatafuta ardhi usiyoiona. Mikono yako yote miwili imeshika mtu, kwa hiyo bunduki yako haipigi. Ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya gogo, mdogo kama uwezavyo kujifanya mdogo; sasa umeinuka, umekuwa shabaha kubwa zaidi katika eneo lote, tena shabaha iendayo polepole.

Hayo hufundishwa. Askari yeyote aliyepita mafunzo ya huduma ya kwanza ya vita huambiwa kwamba kazi ya kwanza chini ya risasi ni kuinyamazisha bunduki ya adui, na kumtibu majeruhi kunafuata. Huambiwa pia kwamba mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu inaweza kumaliza mtu kwa dakika chache. Mafunzo hayo mawili yanagongana. La kwanza linasema subiri, la pili linasema hakuna muda wa kusubiri. Kitabu hakiwezi kuamua ugomvi huo. Huamuliwa palepale na mtu mmoja, na siku ile ya Novemba aliyeamua alikuwa praiveti.

Msitu nao haumsaidii mtu. Pori la upande wa Beni si pori la kuona mbali kama mbuga za Serengeti. Ni miti mirefu, vichaka vilivyosukana, na hatua chache mbele tayari ni giza la kijani. Mara nyingi risasi husikika kabla mpigaji hajaonekana, na Novemba ni wakati wa mvua. ADF walilijua pori hilo kuliko yeyote. Kundi hilo lilizaliwa magharibi mwa Uganda katika miaka ya 1990, likasukumwa kuvuka milima ya Rwenzori, likaota mizizi upande wa Kongo. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni walikuwa wakiuawa vijijini mwao kwa mapanga na bunduki, wanawake na watoto wakiwemo, na mashamba ya kakao yakageuka mahali ambapo mkulima haendi peke yake.

Mwaka 2018 kulikuwa na jambo la pili, na jambo hilo ndilo linalofanya operesheni ya Kididiwe isiwe vita vya kawaida vya msituni.

Agosti 1 mwaka huo serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola, ulioanzia Mangina, jirani kabisa na mji wa Beni. Muda si mrefu Beni yenyewe ikawa kitovu. Ugonjwa huu, kama wasikilizaji wengi wa ukanda wa Maziwa Makuu wanavyojua, hauzimwi kwa dawa peke yake. Huzimwa kwa daftari. Mgonjwa akipatikana, wahudumu huandika kila mtu aliyemgusa, aliyemlisha, aliyelala naye chumba kimoja, aliyeosha maiti. Kila mmoja hufuatwa kwa siku 21, asubuhi hadi asubuhi, anapimwa joto, anaulizwa hali. Wale wa karibu huchanjwa, kisha wa karibu na hao wa karibu. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, ugonjwa unapita hapo.

Sasa fikiria kijiji kimeshambuliwa usiku. Watu wanakimbia, na kila aliyekuwa kwenye daftari anakimbia na siku zake 21 ambazo hazijaisha. Anafikia kwa shangazi, mji mwingine, nyumba yenye watoto. Kesho yake mhudumu akibisha hodi, hakuna wa kuitikia. Septemba 22, 2018 mji wa Beni ulishambuliwa, raia wengi wakauawa, na kazi ya kupambana na Ebola ikabidi isimame kwa siku kadhaa huku mji ukiomboleza. Kila siku iliyosimama hivyo ilikuwa siku ya virusi kutembea bila mtu wa kuvifuata.

Kwa hiyo wanajeshi waliotumwa Kididiwe walitumwa kufungua njia ya watu wanaobeba vipima joto na masanduku ya chanjo. Chitete na wenzake hawakuwa wakigombea mgodi wala mpaka.

Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya siku iliyofuata ilihesabu walinda amani 7 waliouawa, Wamalawi 6 na Mtanzania 1, wengine 10 wakiwa majeruhi. Wanajeshi wa Kongo nao walipoteza watu wao katika operesheni hiyohiyo, na si haki kuwasahau kwa sababu hawakuvaa kofia za bluu.

Kwa nini Mmalawi na Mtanzania walikuwa pamoja? Machi 28, 2013, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ndani ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, iliyoruhusiwa kuwatafuta waasi na kuwashambulia badala ya kungoja kushambuliwa. Lilikuwa jambo geni katika historia ya ulinzi wa amani. Nchi tatu zilitoa wanajeshi: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, na kabla mwaka huo haujaisha brigedi hiyo na jeshi la Kongo walikuwa wamewashinda waasi wa M23 huko Kivu Kaskazini. Baada ya hapo kazi ikahamia kaskazini, Beni, na huko mambo yakawa magumu zaidi.

Katika miaka hiyohiyo ambayo wanajeshi wa nchi hizi mbili walikuwa wakila chungu kimoja Kongo, serikali zao zilikuwa zinavutana juu ya ziwa. Malawi ikidai maji yote mpaka ufuko wa Tanzania kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, Tanzania ikisema mpaka unapita katikati. Mwaka 2012 mvutano ulipanda kwa sababu ya utafutaji wa mafuta na gesi, ukapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wausuluhishe. Hata jina la ziwa hawakukubaliana: huku Nyasa, kule Malawi. Porini Kididiwe habari ya ziwa haikuwa na nafasi. Aliyekuwa amelala pale wazi alikuwa mtu wa upande wa pili wa maji, na Chitete alimfuata.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa pande hizo mbili kuwa bega kwa bega katika msitu wa nchi ya watu. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikiteremka bonde la Kabaw huko Burma kuelekea Kalewa kwenye mto Chindwin, brigedi yake ya 26 ilikuwa na batalioni tatu za KAR, jeshi la kikoloni la King's African Rifles: ya 22 kutoka Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi ya leo, ya 36 kutoka Tanganyika, na ya 44 kutoka Uganda. Waliteremka katika mvua za masika ya kule, magari yakizama kwenye tope, malaria ikiwaangusha pamoja na risasi za Wajapani, majeruhi wakibebwa kwa machela mwendo mrefu. Mnyasa akizungumza Kinyanja, wa Tanganyika na Uganda wakisikilizana kwa Kiswahili cha jeshini, kile kilichoitwa Kikeya. Wazee hao waliporudi nyumbani hawakusimuliwa sana. Vita vile havikuwa vyao, na aliyewapeleka aliandika historia kwa majina ya maofisa. Wajukuu wao walikwenda Kongo kwa bendera za nchi zao wenyewe, na hilo ni badiliko kubwa linalostahili kusemwa kwa sauti.

Turudi Beni, lakini mwaka mmoja nyuma. Bila tukio la Desemba 7, 2017 mtu hawezi kuelewa vizuri alichofanya Chitete.

Siku hiyo jioni, kambi ndogo ya wanajeshi wa Tanzania huko Semuliki, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, ilishambuliwa na ADF kwa nguvu kubwa. Wanajeshi wale walipigana kwa saa nyingi, wamezingirwa. Hesabu ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa 14 waliokufa. Uchunguzi wa baadaye ukasema 15, na majeruhi zaidi ya 40. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja wa Mataifa. Tanzania nzima ililia. Majeneza yaliyofunikwa bendera yaliposhushwa Dar es Salaam, kulikuwa na nyumba Bara na nyumba Zanzibar ambazo zilipokea wana wao siku moja.

Umoja wa Mataifa ukaunda tume ya uchunguzi, na matokeo yake yaliyotolewa Machi 2018 hayakuficha. Mbali na kuwataja ADF kuwa wahusika, tume ilisema ujumbe haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wanajeshi waliozingirwa wala wa kuwatoa. Kulikuwa na kasoro za uongozi na amri. Kulikuwa na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi.

Maneno hayo yakitafsiriwa kwa lugha ya mtu aliyelala kwenye handaki la Semuliki usiku ule, maana yake ni moja: hakuna aliyekuwa amepangiwa kuja kukuchukua.

Kitu kinachomvunja askari kuliko risasi ni kujua kwamba akianguka ataachwa. Majeshi yote ya dunia yanalijua hilo. Ndiyo maana yana machela, yana helikopta, yana daktari wa kikosi, na kabla ya hayo yote yana ahadi isiyoandikwa kati ya mtu na mwenzake. Semuliki ilionyesha kwamba mitambo mikubwa yenye makao makuu na bajeti inaweza kushindwa kutimiza ahadi hiyo. Kididiwe, miezi 11 baadaye, ahadi ilitimizwa na mtu mwenye mikono miwili, akimvuta mwenzake kwenye nyasi. Huwezi kujenga mkakati wa kijeshi juu ya mtu wa namna hiyo, na hakuna kamanda mwenye akili atakayepanga vita kwa kutegemea kwamba atajitokeza. Lakini alijitokeza.

Wazee wa Kiswahili wana methali isemayo kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Vijana wengi wamelelewa nayo, na mama akimwambia mwanawe anayekwenda jeshini humwambia kwa mapenzi: usijifanye simba, nakutaka urudi. Methali hiyo haimtukani shujaa, inahesabu gharama tu. Hata hivyo hesabu ya Kididiwe haikukaa sawa na methali. Kilio kilikwenda Malawi, kwa mjane na ndugu za Chitete. Kicheko kilikwenda Tanzania, kwenye nyumba iliyokuwa tayari kuandaliwa msiba, ambamo baba au mume au mwana alirudi anapumua. Naye koplo huyo hakuwa mwoga. Alikuwa amejeruhiwa mstari wa mbele, akifanya kazi aliyotumwa. Kilio na kicheko vya siku ile vilitoka kwenye tendo moja, vikagawanywa kwa nyumba mbili zisizojuana, kila moja upande wake wa ziwa.

Na lile jina la kwanza kwenye medali? Ni la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye medali yenyewe imeitwa kwa jina lake.

Mbaye alikuwa Kigali mwaka 1994, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, kazi ambayo hufanywa bila silaha. Aprili 6 ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilidunguliwa, mauaji ya kimbari yakaanza. Asubuhi iliyofuata Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na mumewe waliuawa, na wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Watoto wa waziri mkuu walikuwa wamefichwa jirani, kwenye makazi ya watumishi wa Umoja wa Mataifa. Mbaye aliwapakia kwenye gari lake, akawafunika, akawapitisha katikati ya jiji lililokwisha kuwa machinjio, akawafikisha Hoteli Mille Collines.

Huo ukawa mwanzo. Wiki zilizofuata aliendelea kufanya vilevile kwa watu wasio na vyeo wala majina makubwa: watatu, wanne, watano kwa safari moja, kwa sababu gari halikubeba zaidi. Wakati huo Baraza la Usalama lilikuwa limeamua, Aprili 21, kupunguza kikosi kizima kutoka wanajeshi wapatao 2,500 hadi 270. Walinda amani walikuwa wamekatazwa kuingilia. Njia nzima ilikuwa na vizuizi vya Interahamwe, vijana wenye mapanga na rungu, wengi wamelewa. Mbaye alipita kwa alichokuwa nacho: sigara, fedha kidogo, na mdomo mtamu. Alijua majina ya walinzi wa vizuizi, aliwachekesha. Mwandishi wa BBC Mark Doyle, aliyepanda gari lake, amesimulia jinsi mwanamgambo mwenye guruneti alivyoingiza kichwa dirishani akitaka kujua kama yule Mzungu ni Mbelgiji, kwa maana Wabelgiji walikuwa wakiwindwa. Mbaye akasema Mbelgiji ni yeye, aangaliwe vizuri, yeye ni Mbelgiji mweusi. Mwanamgambo akacheka, wakapita.

Kuna watu watasema huo si ushujaa wa vita, kwani hakufyatua hata risasi moja. Wakumbuke kwamba mtu aliye na bunduki ana cha kumtuliza moyo mkononi. Mbaye kila alipoondoka hotelini alikwenda mikono mitupu mahali ambapo sigara ikiisha, maisha nayo yanaweza kuisha. Na alipofika salama aligeuza gari, akarudi tena. Waliookolewa naye wanahesabiwa kwa mamia.

Mei 31, 1994 alikuwa amesimama kwenye kizuizi, akipeleka ujumbe kwa Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi. Kombora likaanguka nyuma ya gari lake, kipande kikapita kioo cha nyuma na kumpiga kichwani. Alifariki palepale. Alikuwa amebakiza siku 12 arudi nyumbani Senegal, kwa mke na watoto wawili wadogo. Hata mfuko wa kuhifadhia maiti haukupatikana Kigali siku hiyo, wenzake wakamsitiri kwa turubai la plastiki. Ilichukua miaka 20 mpaka azimio la 2154 lipitishwe, na mingine 2 mpaka mjane wake akabidhiwe medali hiyo ya kwanza, Mei 19, 2016.

Mwaka 2022 jina la tatu liliongezwa, la Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad, aliyeuawa Aprili 2, 2021 akiilinda kambi ya Aguelhok, kaskazini mwa Mali. Senegal, Malawi, Chad. Wote watatu Waafrika, wote waliuawa katika ardhi ya Afrika isiyo nchi yao, na wote watatu medali ilipokelewa kwa niaba yao. Tunawajua kwa majina wanajeshi wa sinema za ng'ambo, tunajua hata bunduki walizotumia. Majina haya matatu mtoto wa shule Mbeya, Mombasa au Bukavu hajayasikia. Walimu wa historia wana kazi hapo, na si kazi ngumu, kwani inatosha kuyataja.

Katika sherehe ile ya Mei 24, 2019, Guterres alimkabidhi mjane wa Praiveti Chitete medali ya mumewe. Siku hiyohiyo walinda amani 119 waliopoteza maisha walitunukiwa medali ya Dag Hammarskjöld, ile inayotolewa kwa wanaokufa wakiwa katika kazi ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa.

ADF hawakumalizwa Kididiwe. Waliendelea kuua, na watu wa Beni waliendelea kuzika. Ebola nayo, siku mjane yule alipokuwa New York, ilikuwa bado inapanda, wagonjwa wakikaribia 1,900, hasa upande wa Butembo na Katwa. Ingechukua miezi mingine 13, hadi Juni 25, 2020, mlipuko kutangazwa umekwisha, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kufikia hapo watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa, wengi wao katika vijiji ambavyo mhudumu hakuweza kufika bila kuuliza kwanza kama barabara ni salama. Alifika na sanduku la baridi begani na daftari mkononi, akabisha hodi, akaita majina, na pale alipoitikiwa akaandika siku ya kwanza kati ya zile 21.